Mafuta ya Kiwele

Kwa miaka kumi na moja nimeuza dawa za mifugo katika duka moja mjini Moshi, na kama kuna jambo ninaloweza kulieleza hata nikiwa nimesinzia, ni njia za kumpa mnyama dawa. Mtu anakuja analalamikia kupe. Namuuliza ana ng'ombe wangapi. Akiwa na kundi, nampa dawa ya kuogesha. Akiwa na mmoja au wawili wa bandani, kama walivyo wengi huku kwetu, nampa ile ya kumwagia mgongoni, kuanzia mabegani mpaka shina la mkia. Mwingine anakuja, ng'ombe wake ana homa na matezi yamevimba chini ya masikio. Huyo simpi cha kupaka. Namwambia amtafute daktari wa mifugo achome sindano siku hiyo hiyo, maana ndigana ikishaingia kwenye damu huwezi kuitafuta juu ya ngozi. Minyoo, dawa ya kunywesha. Chuchu zilizopasuka, mafuta ya kupaka.

"Ya kupaka inafika pale mkono wako ulipofika," nilikuwa nawaambia wateja. Nilipenda kulisema hilo. Wazee walikuwa wanatikisa kichwa kwa kukubali, nami najiona mtaalamu.

Mama alikuwa anaishi Masama, kwenye kihamba tulichoachiwa na baba: migomba, mibuni michache iliyozeeka, na banda la ng'ombe mmoja nyuma ya jiko. Mimi ni mtoto wa mwisho, na kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki nyumbani. Nikabaki. Mke wangu ni mwalimu, alipangiwa shule Singida, anarudi wakati wa likizo. Dada yangu, aliyenipita miaka tisa, aliolewa Rombo, na tangu alipofiwa na mume anauza maharage na mahindi pale mpakani Tarakea. Kwa hiyo siku za kawaida nyumba ilikuwa na watu wawili tu. Mimi nilikuwa natoka kabla jua halijapanda na kurudi jioni. Kukamua ilikuwa kazi yake, hakumwachia mtu.

Mwaka mmoja ng'ombe alitokwa na uvimbe kwenye kiwele. Nikamletea mama kopo la mafuta ya kukamulia, yale mazito ya njano, nikamwonyesha: osha kwa maji ya vuguvugu, kausha, paka, chua taratibu kuelekea chini. Baada ya wiki uvimbe ukapotea. Alifurahi. Alilisifia kopo lile kwa jirani zetu kana kwamba nimelitengeneza mimi.

Tangu hapo akawa ananiagiza. Mwanzoni sikushangaa, kila mfugaji anayahitaji. Lakini kopo kama lile, kwa ng'ombe mmoja, linakaa miezi. Yeye lilikuwa linamwishia kwa wiki tatu, baadaye kwa wiki mbili.

"Mama, haya mafuta unampaka ng'ombe au unakaangia?" nilimtania siku moja.

"Nawagawia jirani," akasema. "Si kila mtu ana mtoto anayeuza dawa."

Nikaamini, tena kwa kujivuna kidogo.

Yalikuwepo mambo mengine, na nikiyapanga sasa yananiaibisha. Alianza kujifunga khanga mbili kifuani hata jua likiwa kali. Aliacha kusimama na kwaya ya kina mama, akawa anakaa benchi la nyuma kanisani, karibu na mlango. Majani ya ng'ombe alikuwa anayabeba kwa bega la kulia tu. Jikoni alikuwa anakaa upande ule moshi unakoelekea, mimi nikamwambia ataharibu macho, akasema moshi unamfukuzia mbu. Na kulikuwa na harufu. Nilidhani panya amefia darini. Jumamosi moja nilipanda juu na tochi, nikatafuta, sikupata kitu. Yeye alikuwa chini ameshika ngazi, ananiambia angalia na upande ule.

Siku niliyojua ilikuwa siku ya homa. Aliamka anatetemeka, akashindwa kusimama, akaniambia nikakamue kabla sijaenda kazini. Nikachukua ndoo na maji ya moto. Nilipoinama na kushika chuchu ya kwanza, ng'ombe akarusha teke. Nikaangalia vizuri. Chuchu zote nne zilikuwa kavu kama gome, zimepasuka, nyingine zina damu iliyoganda. Mnyama huyo hakuwa amepakwa mafuta kwa miezi.

Niliiacha ndoo palepale, nikaenda chumbani kwake.

"Mama, chuchu za ng'ombe zimepasuka."

Alikuwa amelala ameelekea ukutani.

"Mafuta yanaenda wapi?"

"Umemaliza kukamua?"

"Sijamaliza. Anapiga teke. Mama, mafuta ninayokuletea yanaenda wapi?"

Akaniambia kwa Kichagga nifunge mlango, ingawa hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Nikafunga. Akaketi kwa shida, akafungua khanga ya kwanza, akafungua ya pili, akaondoa kitambaa kilichokuwa kimegandamana na ngozi, akageuza uso upande wa dirisha.

Ziwa lake la kushoto lilikuwa limekakamaa na kuvutwa kwenda ndani. Upande wa chini lilikuwa limefunguka. Kidonda kilikuwa kikubwa kuliko kiganja changu, pembeni chekundu, katikati cheusi na kijivu, na chote kilikuwa kinang'aa kwa mafuta ya kukamulia. Harufu niliyoitafuta darini ilikuwa pale.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mavuno ya kahawa ya mwaka juzi. Ilikuwa kama punje ya harage. Haikuuma."

"Mbona hukusema?"

"Nikuambie wewe? Mwanaume?" Akaanza kufunika. "Na dada yako ana mizigo yake. Nikaona ng'ombe alipona. Wewe mwenyewe ulinionyesha, osha, kausha, paka, chua kuelekea chini. Nilifanya vilevile."

Nilimsaidia kufunga khanga, nikarudi bandani, nikamalizia kumkamua ng'ombe huku ananipiga.

Hospitali kubwa ya huku kwetu iko chini, mjini. Tulizunguka huko wiki kadhaa: kukatwa kipande cha nyama kwa ajili ya kipimo, kusubiri majibu, kupigwa picha za mgongo na kifua. Dada alikuja kutoka Tarakea akaungana nasi. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi. Alimwamkia mama shikamoo, akavuta kiti akakaa mbele yake, akazungumza na yeye badala ya kuzungumza na sisi. Nilimheshimu kwa hilo.

"Mama, ungekuja ilipokuwa punje ya harage, tungeitoa," alisema. "Sasa imesafiri. Iko kwenye mifupa ya mgongo na kwenye mapafu. Hatuwezi kuimaliza. Tunaweza kuipunguza kasi."

"Kwa dawa gani?" mama akauliza.

"Ya dripu. Inapita kwenye mshipa, inakwenda kila mahali damu inapokwenda."

"Hata pale pasipougua?"

"Hata pale. Ndiyo maana itakuchosha."

Mama akafikiri. "Mimi naumwa hapa," akasema, akaweka mkono kifuani. "Hakuna ya kuweka hapa tu?"

"Ya kuweka hapo itasaidia hapo tu, mama. Mgongoni haitafika."

Ilikuwa kauli yangu mwenyewe ya dukani. Niliitazama sakafu.

Tulipotoka nje, mama akiwa ameketi kwenye benchi la kivulini, dada alinivuta pembeni. Hakupaza sauti. "Wewe unalala naye nyumba moja," alisema. "Unauza dawa. Ulikuwa unamletea makopo kila wiki mbili, mdogo wangu, na hukuuliza?"

"Niliuliza."

"Ulimtania. Kuuliza ni kitu kingine."

Alikuwa sahihi, na kwa sababu alikuwa sahihi nikamjibu vibaya. Nilimwambia yeye ni mwanamke, angekuwa anakuja nyumbani kama watoto wengine wa kike angemwona mama anaoga, angejua. Akanitazama, akaenda kukaa na mama. Hatukusemeshana mpaka tulipofika Masama, na hata huko tulisemeshana kuhusu maji na kuni tu.

Kesho yake nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba chetu, nikakata jani la isale. Kwetu mtu aliyekosa akija na jani hilo mkononi humfukuzi. Nikamletea mama. Alikuwa nje anachambua mboga kwa mkono mmoja.

"Isale la nini?" akauliza.

"Nilikuwa nakuletea bila kutaka kujua."

Akalitazama jani lakini hakulipokea. "Karudishe," alisema. "Mimi ndiye niliyekudanganya. Na kama ni kuombana msamaha, kampelekee dada yako."

Nilimpelekea. Dada alilipokea, akaliweka juu ya kabati la vyombo, akaendelea kupika. Lilikaa hapo mpaka likakauka.

Mama alipata dripu mara tatu, kila moja na wiki zake za kungoja. Mishipa yake ilikuwa inakimbia sindano, manesi wakawa wanampiga piga mkono, wanamfunga mpira, wanajaribu kiwiko, wanajaribu nyuma ya kiganja. Dawa ilipoanza kushuka alisema anaisikia baridi inapanda mpaka begani. Siku ya pili yake alikuwa anatapika hata maji. Nywele zilitoka zikabaki kwenye mto. Mdomo ulitoka vidonda, mtori ukamchoma, nikawa nampondea ndizi na kumpozea kama mtoto. Na kidonda kikawa vilevile. Labda ndani kulikuwa na nafuu, sijui. Nje hatukuiona.

Wakati wa dripu ya nne ulipofika alikataa kupanda gari.

"Ile dawa inanipiga mwili mzima kwa kosa la ziwa moja," alisema. "Niacheni."

Dada alilia, mimi nikambembeleza, mchungaji wetu wa usharika akaja akasema naye kwa upole. Hakubadilika. Daktari nilipompigia simu hakumlaumu. Alisema atatuandikia kwa nesi wa huduma ya nyumbani, ambaye anazunguka vijiji vya huku juu mara moja kwa wiki.

Huyo nesi alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye viatu vya mvua hata wakati wa kiangazi. Siku ya kwanza aliingia chumbani, akafunga mlango, akakaa humo karibu saa nzima. Alipotoka aliniuliza, "Nani anamsafisha?"

"Anajisafisha mwenyewe. Dada akija Jumamosi anamsaidia."

"Hawezi tena. Mkono wa kushoto haupandi. Na jirani?"

"Hataki jirani aone."

"Basi ni wewe," akasema.

Nilisema mimi ni mwanaume na yule ni mama yangu. Akaniuliza ng'ombe wangu akiwa na kidonda nani anamsafisha.

Tatizo kubwa lilikuwa harufu. Hospitali walikuwa wamempa vidonge vya kuiua, vilevile vinavyotumika kwa amiba, na mama alikuwa anavimeza. Vilimwachia ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu, na harufu haikupungua hata kidogo. Nilimweleza nesi kwamba dawa ile haifai. Akachukua vidonge viwili, akavisaga kati ya vijiko viwili juu ya karatasi safi mpaka vikawa unga.

"Inafaa," alisema. "Ila haifiki. Ukimeza dawa inafuata damu, na ile nyama nyeusi uliyoiona imekufa, damu haiendi huko. Dawa inaishia njiani. Hii tutamnyunyizia moja kwa moja."

Akanifundisha. Chemsha maji na chumvi, yaache yapoe. Lowanisha bandeji ya zamani kabla ya kuitoa, usiivute ikiwa kavu, utang'oa nyama na damu itatoka. Osha kwa kumwagia, usisugue. Nyunyiza unga sehemu zote, hasa kwenye mashimo. Funika kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kisigande, halafu pamba, halafu bandeji.

Mara ya kwanza nilipofanya peke yangu, mama alichukua khanga akajifunika uso. Kifua kilikuwa wazi chote, uso ndio alioficha. Nilimwaga unga mwingi kitandani. Mara ya tatu nilisahau kulowanisha vizuri, bandeji ikavuta, damu ikatoka nyingi mpaka ikaloa shuka. Nikagandamiza kwa taulo, nikasikia moyo wake unapiga chini ya mkono wangu. "Tulia," alisema kutoka ndani ya khanga. "Hainiumi sana. Tulia."

Baada ya siku tano harufu ilikuwa imekwisha. Sisemi ilipungua. Unga wa vidonge vilevile alivyokuwa anavimeza, ulipowekwa pale juu, uliimaliza. Niliingia chumbani asubuhi moja nikanusa sabuni na majani ya migomba ya nje, nikasimama mlangoni kama mjinga. Mama naye alikuwa amejua. Aliniambia niwaambie kina mama wa kwaya kwamba anaweza kupokea wageni.

Walikuja saba, wakakaa kitandani, kwenye mkeka na kwenye viti vya sebuleni tulivyohamishia chumbani. Waliimba mapambio mawili, wakala kiburu cha ndizi na maharage, wakasengenya kidogo. Mama alivaa gauni la Krismasi. Katika ugonjwa wote huo, ile ndiyo siku pekee ninayoweza kuiita nzuri.

Tangu hapo aliacha kujifunika uso. Alikuwa ananitazama nikifanya kazi, wakati mwingine ananisahihisha. Siku moja nilipokuwa nafunga bandeji alisema, "Kidonge wananiletea na kikombe cha maji, mtu anaondoka. Dripu wanaitundika, mtu anaondoka. Hii lazima mtu akae."

Nilimwambia asiongee, naweza kukosea.

Lakini kidonda kusafishika hakukuzuia kilichokuwa ndani. Maumivu ya mgongo yalianza baada ya mvua za vuli. Mwanzoni aliniomba nimchue kwa dawa ya kuchulia, ile yenye mkaratusi, inayochoma. Nikamchua. Akasema imesaidia. Kesho yake nikamchua tena, mara mbili, mara nne. Nesi alikuwa ameshatuachia chupa ya mofini ya maji, ya kunywa, lakini mama aliikataa. Alikuwa amesikia huko kijijini kwamba anayepewa ile haamki.

"Hiyo ni dawa ya kuagia," alisema. "Nichue tu, mwanangu. Mkono wako unatosha."

Nami nilitaka kuamini kwamba mkono wangu unatosha. Unga ulikuwa umeshinda pale vidonge viliposhindwa, kwa nini mafuta yasishinde? Kwa siku tatu nilimsugua mgongo mpaka ngozi ikawa nyekundu. Siku ya tatu mchana alikuwa ameuma kona ya mto, hazungumzi, jasho linamtoka, na mimi bado nachua.

Nesi alitukuta hivyo. Alinusa mkaratusi, akaangalia chupa ya mofini ilivyojaa, akaniangalia mimi.

"Hii umempa lini?"

"Hajataka."

"Na wewe ukaona sawa." Hakuwa amekasirika, amechoka tu. "Maumivu yako kwenye mfupa, baba. Unamsugua ngozi. Unafikiri mfupa unajua kama unachuliwa?"

Akapima mofini kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akainama kitandani. "Mama, hii haikuui. Kinachokuua unakijua. Hii inakupumzisha ili uweze kusema na watu wako. Fungua mdomo."

Mama akafungua. Ilikuwa chungu, akakunja uso. Baada ya kama nusu saa vidole vyake viliachia ule mto. Akalala mpaka jioni, akaamka akaomba mtori, akala nusu bakuli. Nilikaa uani nikahesabu siku tatu nilizomwacha aume mto. Hakuna isale linaloweza kupelekwa kwa hizo.

Tangu siku hiyo nilimpa kila baada ya saa nne, bila kungoja aombe, kama nesi alivyoelekeza. Nilitega kengele ya simu. Dukani niliomba ruhusa. Mofini ilimfungia choo, tukampa papai na dawa ya kulainisha. Ilimfanya wakati mwingine anichanganye na baba. Lakini aliweza kuzungumza. Alimweleza dada mbegu zake za maharage ziko wapi. Alinikumbusha nimpake ng'ombe, nami nikampaka, mbele ya dirisha lake, ili aone.

Wiki ya mwisho alishindwa kumeza. Nilimpigia nesi simu, nikauliza kama tumpeleke mjini akachomwe sindano. Akaniuliza mama mwenyewe anasemaje. Mama alikuwa ameshasema: hatoki tena Masama. "Basi mdondoshee ndani ya shavu," nesi alisema. "Kidogo kidogo, mlaze upande. Ngozi ya ndani ya shavu inakunywa yenyewe." Nikafanya hivyo. Dada alikuwa anamshika kichwa, mimi nadondosha. Tulikuwa tumeshasahau kwamba hatuelewani. Mara nyingine vidole vyetu viligusana kwenye taya lake.

Alifariki saa tatu asubuhi. Nilikuwa jikoni nachemsha maji ya chumvi. Dada aliniita kwa jina langu la utotoni, ambalo hakuwa ameliita kwa miaka, nikajua. Nilizima moto kwanza, sijui kwa nini, ndipo nikaenda.

Kina mama wa usharika walikuja kumwosha. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda na vijiko vyangu viwili na unga wa vidonge. Nilikuwa nimeusaga alfajiri, nikaona nimfunge kwa ule mgawo wa siku hiyo. Mama mmoja mkubwa, aliyekuwa akiimba naye sauti ya pili, alinishika kiwiko.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Naomba nimfunge mara moja tu. Sisi tunajua namna ya kuitoa bandeji."

"Marahaba. Hapana, baba," alisema. "Hii si kazi yako tena. Toka."

Nikatoka. Nilisimama nyuma ya nyumba nikiwa nimeshika vijiko, nikasikia maji yanamwagwa, nikasikia mmoja wao anasema, "Jamani, kumbe ni hivi." Tulimzika kwenye kihamba, kando ya baba, siku ya tatu. Mvua ilinyesha na kaburi likaingia maji kabla hatujamaliza, vijana wakayachota kwa ndoo.

Baada ya arobaini yule daktari alinipigia simu. Alikuwa amesikia. Alitoa pole, halafu akaniuliza kama nina dada. Nikasema ndiyo. Akasema aje kupimwa, mapema, hata kama hajisikii chochote, na kwamba kupimwa kwenyewe hakuumi. Nilimwambia dada kwa simu. Akasema sawa. Mwezi ukapita, nikamkumbusha. Akasema amepokea mzigo, wiki ijayo. Likizo ya mke wangu ikaja ikaisha. Nikamkumbusha tena, akasema mtandao unakatika.

Mwezi uliopita nilipanda gari mpaka Tarakea bila kumwarifu. Ilikuwa siku ya soko. Nilimkuta kwenye kibanda chake, mbele ya magunia, anapima maharage kwa kopo, watu wamemzunguka wanabishana naye kwa Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka. Aliponiona hakuuliza kilichonileta. Alinisogezea ndoo niigeuze nikae.

Tukangoja wateja wapungue.

"Umekwenda?" nikauliza.

"Sijaenda."

"Kuna kitu umekiona? Nakuuliza, sikutanii."

Aliendelea kufunga mdomo wa gunia kwa kamba, akaifunga fundo, akaongeza la pili. "Sijajishika," alisema. "Nikioga napitisha sabuni haraka haraka, nafumba macho. Sitaki kujua kama kuna punje."

"Dada, mama ange…"

"Mama angeishi, ndiyo. Labda. Na mimi nikikutwa nayo, nani atanikalia? Wewe una mke, una kazi. Mimi watoto wangu wako Dar, mmoja hata simu hapokei."

"Nitakukalia mimi."

"Utanifunga bandeji?"

"Nitakufunga."

Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayepima uzito wa kitu bila mzani. Mteja akaja akauliza maharage ya njano. Dada akainuka akamhudumia, akahesabiana naye, akarudi, akaanza kukunja magunia matupu.

"Baada ya msimu huu," alisema.

Nilitaka kusema sasa, kesho, twende wote na gari la mchana. Nilikuwa na maneno yote. Nilimwona anavyokunja magunia kwa mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, nikawa naangalia mikono yake badala ya kusema. Gari la mwisho la kushuka Himo lilikuwa linapiga honi. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa kilo mbili za maharage kwenye mfuko, akaniambia nimsalimie wifi.

Msimu umekwisha wiki mbili sasa. Nimempigia Jumatatu na Alhamisi. Simu inaita mpaka inakatika.